Nafasi ya Jicho katika Mpango wa Kudhibiti Ubora wa Chai

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu mliotupokea hapa Mpuguso, makarani wa vituo vya kununulia majani, mafundi wa viwanda, na nyinyi wakulima mlioacha mashamba yenu ili muje kutusikiliza:

Mada niliyokabidhiwa yahusu ukaguzi wa macho na nafasi yake katika mipango ya kudhibiti ubora wa bidhaa za viwandani, na kwa kuwa riziki ya wengi wetu katika wilaya hii ya Rungwe hupitia katika jani la chai, sikuona sababu ya kuizungumza kwa mifano ya magari na saa za mkononi zinazotengenezwa ng'ambo, ilhali viwanda vya Katumba na Mwakaleli tunavijua sote na harufu yake tunaijua. Chai si mgeni wa jana katika milima hii. Ilipandwa Kyimbila mwaka 1904, miaka miwili baada ya kupandwa Amani huko Usambara, na tangu siku hizo hata leo, pamoja na mageuzi yote ya serikali, ya mashine na ya soko, hakimu wa kwanza wa chai amekuwa ni mtu aliyesimama mbele ya mzigo wa majani mabichi, akiutazama. Rai yangu, ambayo nitaitetea mbele yenu, ni kwamba jicho la mtu huyo ni kipimo kama mizani ilivyo kipimo, wala halistahili kudharauliwa; lakini kipimo kisichoandikiwa kanuni zake hakina sifa ya kipimo, kwa maana hukumu yake hubadilika kwa njaa, kwa uchovu, kwa giza na kwa haya, na mtu hawezi kujua leo kama ni jani lililobadilika au ni mtazamaji.

Wale ambao hawajapata kuuona mpango wa udhibiti wa ubora wasidhani kuwa ni kitu cha ajabu. Ni karatasi iliyopigwa mistari na kugawanywa safu, ambapo kila hatua ya kazi imepewa mstari wake, na katika mstari huo imeandikwa sifa inayotakiwa, kiasi chake, chombo cha kuipimia, sampuli ngapi zitwaliwe na baada ya muda gani, nani mwenye dhamana ya kupima, na mwishoni kabisa, katika safu ambayo aghalabu huachwa wazi, nini kifanyike pindi sifa ile ikikosekana. Ukizisoma karatasi hizi utaona kwamba mistari ya mashine imeandikwa kwa uangalifu mkubwa: joto la kikaushio ni nyuzi kadhaa, lisomwe kwa kipimajoto, kila baada ya nusu saa, na likishuka fulani apunguze majani yanayoingia. Ukifika kwenye mstari wa jani bichi, ambalo ndilo asili ya yote, utakuta maneno matatu: "Kagua kwa macho." Aliyeyaandika ameridhika kwamba amemaliza kazi yake. Nani akague? Atazame nini, kwa mwanga gani, akilinganisha na nini, akiwa amesimama pale tangu saa ngapi, na akiona ila afanyeje? Karatasi haisemi, na karani wa kituo ameachwa ayajibu maswali hayo peke yake, kila alasiri, mbele ya jirani zake.

Tuende basi hadi kituoni tukamtazame karani anayeijua kazi yake. Ni alasiri, na kama ilivyo ada ya Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, bati linapigwa na mvua na wachumaji wamejipanga na mizigo yao. Karani huyu hatosheki na sura ya juu ya gunia, maana anajua kwamba chipukizi laini huweza kupangwa juu na magumu yakafichwa chini. Hutia mkono hadi kitakoni, akasikia kwanza kama kuna joto, kwa sababu majani yaliyoshindiliwa hupata fukuto na kuanza kuchacha kabla hayajaiona mashine. Kisha huutoa mkono na konzi yake, akaileta kwenye mwanga, akaangalia kingo za majani kama zimegeuka kahawia, na kama ndani yake mna magugu, vijiti au majani makavu. Hata hapo bado ana shaka tu, hana hukumu. Hukumu yaja pale anapoimwaga konzi ile juu ya meza na kuitenga mafungu: hapa majani mawili na chipukizi, hapa majani matatu yaliyo laini bado, hapa majani yaliyokomaa na yale yasiyokuwa na chipukizi lililo hai. Akishatenga, anahesabu. Tuseme katika vikonyo 100 amepata 72 vinavyofaa na 28 visivyofaa. Tangu dakika hiyo mashindano si baina ya karani na mama mwenye gunia, bali ni baina ya 72 na kiasi kilichoandikwa ukutani, na yule mama, akiwa na shaka, anaweza kuhesabu mwenyewe.

Huko kuhesabu ndiko ninakotaka kuwaombea heshima. Macho ya karani anayehesabu na ya yule anayetazama tu ni yale yale, meza ni ile ile, wala hakuna chombo kilichonunuliwa. Kilichoongezeka ni utaratibu tu, nao umetosha kuigeuza rai kuwa idadi inayoweza kuandikwa daftarini, kulinganishwa na ya juma lililopita, na kupelekwa kwa bwana shamba iwapo kijiji fulani kimeanza kuleta magumu kwa sababu mzunguko wa kuchuma umerefuka. Daftari likitunzwa miezi michache, meneja aliye mbali na kituo huona kwa idadi zile mambo ambayo hapo awali aliyasikia kama malalamiko.

Pengine mtauliza kwa nini ninasisitiza ukaguzi wa kituoni kuliko ule wa chumba cha kuonjea, ambao una vikombe vyeupe na makoti meupe na unapendeza zaidi kuonyeshwa wageni. Jawabu limo katika maumbile ya kazi yenyewe. Kupata kilo 1 ya chai kavu kwahitaji kilo 4 na nusu hadi 5 za majani mabichi, na mashine ya CTC, iliyobuniwa na William McKercher huko Assam mwaka 1930, ambayo viwanda vingi vya Afrika Mashariki huitegemea, hulikata jani na kulichana na kulikunja bila kuuliza kama ni laini au gumu. Jani gumu likishapita katika meno yale halionekani tena kuwa jani gumu. Limekuwa nyuzi na vipande vya rangi nyekundu vilivyotawanyika katika chai yote. Vichungio vitatoa sehemu, lakini zitabaki nyingine, na kiwango cha kimataifa cha chai nyeusi, ISO 3720, hakiruhusu nyuzi kupita 16.5 katika 100. Muonjaji aliye hodari kushinda wote hawezi kulirudisha jani mtini. Aweza tu kutuambia ni daraja gani tumeshuka, nayo ni habari ya hasara iliyokwisha kutokea. Kwa sababu hiyo W. Edwards Deming, yule Mmarekani aliyewafunza Wajapani elimu ya ubora baada ya Vita Kuu ya Pili, aliwakataza wenye viwanda kutegemea ukaguzi wa jumla wa mwishoni. Hakukataza watu kutazama, ila alitaka watazame mapema, mahali ambapo kutazama kwao bado kwaweza kubadili jambo.

Wala isidhaniwe kwamba jicho lafaa kituoni tu. Katika kuchachusha, pale majani yaliyokatwa yanapoacha kijani na kuelekea rangi ya shaba, sijui chombo cha bei nafuu kinacholishinda jicho la fundi aliyezoea. Saa haitoshi: katika miezi ya Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlima Rungwe, muda ule ule uliotosha mwezi Februari utakuletea chai mbichi yenye ukakasi, na kipimajoto nacho kinaeleza hali ya hewa bila kueleza hali ya jani. Fundi hutwaa konzi, akaikandamiza iwe tonge, akaipasua na kuitazama ndani, akajua. Lakini hapa pia nitamshikia fundi wangu karatasi, kwa kuwa kumbukumbu ya rangi ni dhaifu mno katika binadamu, na shaba ya zamu ya usiku chini ya taa ya manjano si shaba ya zamu ya asubuhi. Sampuli ya majani yenyewe haiwezi kuhifadhiwa iwe mfano, maana itaendelea kugeuka. Basi na zitengenezwe kadi zilizopakwa rangi, moja ya kiasi kinachotakiwa, moja ya kabla yake na moja ya baada yake, zining'inizwe pale pale penye kazi chini ya taa ile ile, na zibadilishwe zikififia.

Haya yananileta kwenye mwanga, jambo ambalo wakaguzi wengi hulilalamikia na wajenzi hawalisikii. Waswahili husema macho hayana pazia, lakini banda la bati lisilo na dirisha, siku ya ukungu, ni pazia tosha. Wenzetu wa Ulaya, kwa kuwa jua lao liko kusini siku zote, hujenga vyumba vya kuonjea chai vikielekea kaskazini ili wapate mwanga ulio sawa usio na miale mikali. Na nimeona michoro yao ikinakiliwa huku kwetu vilevile ilivyo. Sisi tuko nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri huwa kaskazini yetu tangu mwishoni mwa Februari hata katikati ya Oktoba, kwa hiyo dirisha letu lafaa lielekee kusini, na kwa ile miezi inayobaki, jua linapopita upande huo lakini likiwa juu sana, ukingo wa paa uliotokeza kiasi watosha kulizuia. Hakuna gharama hapo isipokuwa ya kufikiri kabla ya kujenga.

Sasa niseme juu ya udhaifu wa jicho, kwani anayekisifu kipimo bila ya kutaja kosa lake ni mchuuzi. Yapo mambo ambayo jicho haliyaoni kabisa, na mpango wenye insafu usilitwike. Chai kavu yenye maji 3 katika 100 na ile yenye maji 7 huonekana sawa mkononi mwa wengi wetu, ilhali hii ya pili itapoteza ubora wake upesi ghalani. Hiyo ni kazi ya mizani na tanuri. Chembe za chuma zinazomeguka katika meno ya mashine ni kazi ya sumaku. Hata katika maziwa, ambayo ni riziki nyingine ya wilaya hii, kituo kinachopokea kwa kutazama weupe wake tu kitanunua maji ya mto Kiwira kwa bei ya maziwa, na ndiyo sababu laktomita ikawekwa mlangoni.

Yapo pia mambo ambayo jicho laweza kuyaona lakini haliyaoni. Joseph Juran, mmoja wa mabingwa wa elimu hii, alikuwa akifundisha kwamba wakaguzi wanaotazama kila kipande hukamata kiasi cha dosari 80 katika kila 100, na zinazobaki huwapita mbele ya macho yao. Mwaka 1948 Norman Mackworth wa Cambridge alitangaza matokeo ya majaribio yake juu ya watu waliotakiwa kuangalia mshale ukizunguka mfano wa saa na kuripoti kila uliporuka hatua mbili badala ya moja. Baada ya nusu saa ya kwanza tu, watu wale, waliokuwa vijana wenye afya na nia njema, walianza kuikosa miruko iliyo dhahiri. Na mwaka 2005 Jeremy Wolfe na wenzake huko Marekani walionyesha jambo la kutisha zaidi: kitu kinachotafutwa kilipokuwamo katika nusu ya picha, watazamaji walikikosa mara 7 katika 100, lakini kilipokuwamo katika picha 1 kwa kila 100, walikikosa mara 30. Maana yake ni kwamba kadiri kiwanda kinavyokuwa kizuri na dosari zikawa adimu, ndivyo mkaguzi wake anavyozidi kuzipita. Huwezi kumponya kwa kumgombeza. Mponye kwa kumbadilisha zamu kila nusu saa na kumpa kazi nyingine ya mkono, na kwa kumchanganyia mara kwa mara vipande vibovu vinavyojulikana na msimamizi, ili jicho lisizoee kutoona kitu. Kumwongezea mkaguzi wa pili nyuma yake hakusaidii kama inavyodhaniwa. Kila mmoja humtegemea mwenzake.

Nawaomba pia wenye viwanda wajaribu jambo dogo ambalo halihitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Chukueni mafungu 30 ya majani, myatie alama za siri, muwape makarani wawili kila mmoja kwa wakati wake waseme linafaa au halifai. Kesho myachanganye na kuwapa tena. Mtashangaa kwanza jinsi mtu mmoja anavyopingana na nafsi yake ya jana. Kisha msidanganyike mkiona makarani wawili wamepatana mara 82 katika 100 mkadhani ni uthabiti, kwani ikiwa kila mmoja ana desturi ya kupokea 90 katika 100, hata kama wangefumba macho wote wawili na kubahatisha, wangepatana kwa kupokea mara 81 na kwa kukataa mara 1, nayo jumla ni 82 zile zile. Mapatano ya thamani ni yale yanayozidi bahati. Na katika kuchagua watu wa kazi za rangi, wapimwe kwa vile vibao vya Ishihara vilivyotolewa Japani mwaka 1917, maana wako wanaume wasioweza kutenganisha nyekundu na kijani na ambao hawajijui. Si aibu kwao, lakini si haki kuwaweka penye kuchachusha.

Nimebakiza jambo lililo zito kuliko hayo yote, nalo si la mboni wala la taa. Karani wa kituo ni mtoto wa kijiji kile kile. Gunia analolikataa ni la shangazi yake, la jirani aliyemkopesha dawa ya ng'ombe, au la mwenyekiti wa kijiji ambaye karani kesho atahitaji sahihi yake. Amemwona mama yule akija na mzigo kichwani katika mvua, na anajua kwamba majani yakikataliwa yatamwagwa, kwa sababu chai mbichi haina matumizi mengine nyumbani. Katika hali hiyo jicho huona vizuri, ila ulimi ndio unaoshindwa. Mpango usioliandika jambo hili umemtupa mtu wake. Safu ya mwisho ya karatasi itamke waziwazi: idadi ikipungua kiasi fulani, karani anakataa, na asiwepo mtu yeyote kituoni, awe na cheo gani, mwenye mamlaka ya kuibatilisha kauli yake ila kwa kuhesabu konzi nyingine mbele ya mwenye mzigo, na mkulima naye awe na haki ya kudai hesabu hiyo ya pili, ifanywe na mtu mwingine. Kiasi kinachotakiwa kibandikwe mahali pa kusomeka, si kukaa katika mkoba wa karani.

Na insafu ina pande mbili. Lori likichelewa kwa ubovu wa barabara, majani yaliyopokelewa yakiwa mazuri saa tisa yatafika kiwandani usiku yakiwa mekundu, na ukaguzi wa mlangoni utaandika kuwa ni majani mabovu. Ya nani? Kama mpango una ukaguzi mmoja tu wa kiwandani, lawama itashuka mlimani hadi kwa mchumaji, ambaye alitimiza wajibu wake. Kwa hiyo nataka ukaguzi uwe mara mbili, kituoni na mlangoni, kwa kanuni ile ile na daftari linalosafiri pamoja na mzigo, ili hitilafu iliyozaliwa njiani ihesabiwe kuwa ya njiani. Wanaoona ni kazi ya ziada na wakumbuke kwamba mnunuzi wa mwisho hatatuhurumia: katika mnada wa Afrika Mashariki, ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, chai yetu hutazamwa kavu kiganjani, hutazamwa majani yake yaliyotiwa maji, na hutazamwa rangi ya maji yenyewe katika kikombe cheupe, gramu 2 kwa kila mililita 100 kwa dakika 6 kama kiwango cha ISO 3103 kinavyoagiza. Mtu yule naye ni jicho, lakini ni jicho lenye kanuni, na ndiyo maana hatuwezi kushindana naye kwa maneno.

Wapo watakaosema tungojee kamera zinazochambua chai zenyewe, ambazo kwa hakika zipo na zinafanya kazi katika nchi nyingine. Zikija zitapokewa. Ila kamera nayo huuliza lipi ni jani zuri na lipi ni baya, na kiwanda kisichoweza kumjibu karani wake hakitaweza kuijibu kamera.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sina ombi kubwa. Kila kiwanda kilichowakilishwa hapa kina karatasi yake ya mpango wa udhibiti. Kabla hatujatawanyika, nawaomba wajumbe waitoe, waitafute mistari iliyoandikwa "kagua kwa macho", na kwa kila mmoja wajaze nani, nini, kwa mwanga gani, kwa kulinganisha na nini, mara ngapi, na likionekana baya lifanywe nini. Na mstari wowote watakaoshindwa kuujaza, waufute, kwa kuwa kazi hiyo kwa sasa haifanywi na mtu.